Kulea vifaranga wa tausi kwa mkono, tangu yai hadi siku ya kuwafungulia

Tausi dume wangu wa kwanza hunichezea mimi. Majike wawili wanadonoa pembeni, yeye hana habari nao. Nikitoka mlangoni na ndoo ya pumba anafunua manyoya, anayatikisa mpaka yanalia kama mvua kwenye makuti, halafu ananizunguka taratibu kama bwana harusi. Akiingia mwanamume mwingine uani, anamrukia miguu mbele. Kosa ni langu. Katika mayai manne aliangua yeye tu, nikamlea sebuleni kwenye boksi bila mwenzake, akakua akiamini kwamba tausi ni kiumbe cha kuvaa kandambili.

Si mimi wa kwanza kuharibu ndege namna hii. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alisimulia habari za tausi mweupe wa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, Vienna. Wenzake wote walikufa kwa baridi angali kifaranga. Ili kumwokoa wakamweka kwenye chumba chenye joto kuliko vyote, nacho kilikuwa chumba cha kobe wakubwa. Maisha yake yote akawa anawatongoza kobe. Majike wa tausi waliletwa, hakuwatazama.

Kwa hiyo kabla hujanunua yai hata moja, jua hili: unaweza kumlea tausi kwa mkono wako akala kiganjani na kukufuata nyuma kama mbwa, lakini asilelewe peke yake. Wawe angalau wawili. Watatu ni bora, maana mmoja huenda akafa.

Kibali, na jirani

Tausi si kuku. Nenda ofisi ya maliasili ya wilaya uulize unatakiwa kuwa na karatasi gani. Aliye Kenya awaulize KWS, shirika la wanyamapori la huko. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba "hawa hawana shida." Kule India, ambako ndiye ndege wa taifa tangu 1963, sheria ya wanyamapori ya 1972 inamlinda kiasi kwamba huwezi kumfuga kienyeji tu kwa kujisikia. Huku kwetu Tanzania watu wakisikia tausi wanafikiria Ikulu, na mwaka 2020 Rais Magufuli alipowapa marais wastaafu tausi, simu yangu ilijaa watu wanaotaka na wao. Wengi walikuwa na kiwanja cha futi hamsini kwa hamsini, ukuta unagusa ukuta wa mwenzao.

Ukiwa na kiwanja hicho, acha. Dume akikomaa hulia msimu wa kupandana, alfajiri na usiku, sauti kama mtu anaita kwa mbali amepotea. Mzee wa nyumba ya pili alinijia siku moja, akapiga hodi, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema, "Mwanangu, huyo ndege wako jana nilitoka na tochi kumtafuta mtoto." Tangu siku hiyo kila msimu unapoanza huwa natanguliza kumpelekea mayai ya kuku. Tausi anaishi miaka 15 hadi 20, na ujirani nao unatakiwa udumu hivyo.

Kupata mayai

Jike hutaga mayai 4 hadi 8 kwa mkupuo, kwa kuruka siku. Yai lina rangi ya samli, ganda gumu, ukubwa karibu mara mbili ya yai la kuku wa kienyeji. Yakisafiri kwa basi yaweke kwenye trei, ncha kali chini, ukayabebe mapajani. Usiyaachie kwenye buti. Ukifika nyumbani yapumzishe siku nzima kabla ya kuyaatamisha.

Una njia mbili, kuku au mashine. Kuku mkubwa mwenye tabia ya kuatamia anamudu mayai matatu, manne kwa shida. Usimchanganyie na ya kwake. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya tausi siku ya 28, na mama akishaona vifaranga vyake hutoka navyo, ya tausi yakabaki kupoa. Kwa kuwa mayai ni mazito kwake, huenda asiyageuze vizuri. Yawekee alama ya penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, na akitoka kwenda kula uyageuze wewe. Kabla hujamkalisha, mpulizie dawa ya utitiri na chawa na umpe dawa ya minyoo. Sababu nitaieleza huko chini, kwenye magonjwa.

Mashine iwe nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hadi 60. Geuza mayai mara tatu hadi tano kwa siku mpaka siku ya 25, kisha acha kugeuza na uongeze maji ili unyevu ufike karibu asilimia 70. Umeme ukikatika funika mashine kwa blanketi, uweke chupa za maji ya moto pembeni, na usifungue kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoua mayai mengi kuliko mgao wa umeme.

Yai likishatobolewa, kifaranga anaweza kuchukua siku nzima kutoka. Ataparua, atapumzika, utadhani amekufa, ataanza tena. Usimbandulie ganda. Bado anavuta kiini tumboni na mishipa ya damu haijakauka.

Boksi la kulelea

Tengeneza kabla ya siku ya 25, si siku wanayotoka. Kwa vifaranga wanne linatosha boksi la mita moja kwa nusu mita, kuta za urefu wa magoti, na juu wavu. Wavu si wa mapambo. Kifaranga wa tausi huzaliwa na manyoya ya mbawa yaliyokwisha kuota, na ndani ya siku chache anaruka. Wa kwangu nilimkuta siku ya nne juu ya televisheni.

Sakafuni usitandike gazeti. Ni laini, miguu inateleza kila mmoja upande wake, na kifaranga akishakaa siku mbili namna hiyo nyonga hazirudi. Tandika gunia la katani au taulo kuukuu kwa wiki ya kwanza, halafu maranda makavu ya mbao, yale mazito, siyo vumbi la msumeno, kwa sababu vumbi wanalila. Ukiona miguu imeanza kutawanyika, mfunge pingu ya plasta kati ya miguu miwili, nafasi ya upana wa vidole viwili, umwache nayo siku tatu. Ukiwahi, anapona.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35, chini ya taa, upande mmoja tu wa boksi, ili anayeona joto akimbilie upande wa pili. Kila wiki punguza nyuzi tatu kwa kuinyanyua taa. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe wanasema kweli zaidi: wakirundikana chini ya taa na kupiga kelele wana baridi, wakipanua mbawa na kuhema mdomo wazi wanaungua, wakitawanyika na kulala ovyo kama walevi, basi hapo hapo, usiguse kitu. Tanga au Dar mwezi wa kwanza, kuanzia wiki ya tatu taa ni ya usiku tu. Lushoto au Arusha mwezi wa saba, jiandae kuwasha taa wiki sita hadi nane. Na kama unatumia jiko la mkaa chumbani, acha dirisha wazi. Hewa ya mkaa haiui kuku peke yake.

Wakifika wiki moja waweke fito la kupumzikia, nchi tatu kutoka chini, upana wa kidole gumba. Ni ndege wa juu hawa, na ukiwanyima fito watalala wamebanana pembeni na kukanyagana.

Mlo wa kwanza, hapa ndipo pagumu

Kifaranga wa kuku ukimwaga chenga anadonoa. Wa tausi anakutazama. Huko porini mama yake huokota mdudu, akamshikia mdomoni, mtoto akachukua. Usipomfundisha atakufa njaa amesimama katikati ya chakula, na watu wengi wanasema "alizaliwa dhaifu" kumbe hakuonyeshwa.

Siku mbili za kwanza anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, kwa hiyo usihangaike saa ya kwanza. Mpe maji kwanza. Mchovye ncha ya mdomo, ncha tu, kwenye kifuniko cha chupa chenye maji ya vuguvugu, umwache anyanyue kichwa ameze. Rudia mara tatu. Chombo cha maji kiwe kifupi na kijaze gololi au vikokoto, maana kifaranga akilowa usiku haamki.

Kisha chukua funza mmoja au mchwa aliye hai, mshike kwa kibano mbele ya macho yake, umtikise. Tikisa, rudisha nyuma, tikisa. Atainamisha kichwa upande, jicho moja, halafu jicho la pili, halafu ghafla tak! Akishampata mdudu wa kwanza, mdondoshee wa pili juu ya rundo dogo la kiini cha yai la kuchemsha kilichovurugwa na chakula cha vifaranga. Gonga rundo hilo kwa ncha ya kidole, tak tak tak, kama mdomo wa mama. Fanya hivyo kila baada ya saa mbili mchana kutwa. Kufika jioni ya siku ya pili mmoja atakuwa ameelewa, na wengine watamwiga. Hii nayo ni sababu ya kutomlea mmoja.

Vifaranga wa tausi wanataka protini nyingi kuliko wa kuku, asilimia 26 hadi 30 kwa wiki za mwanzo. Ukipata chakula cha vifaranga wa bata mzinga, hicho ndicho chao. Madukani kwetu hupati mara nyingi, kwa hiyo mimi hutumia stata ya broila, yenye asilimia 20 na ushee, nikaiongezea kiini cha yai kila asubuhi, dagaa waliosagwa (wale wasio na chumvi), na mchwa. Kumbikumbi wakitoka ni sikukuu. Mchicha uliokatwakatwa kuanzia wiki ya pili, na mchanga mkavu kidogo wa kusagia tumboni. Soma mfuko wa chakula kabla ya kununua: ukiona kimechanganywa na salinomycin, rudisha rafuni. Dawa hiyo broila wanaivumilia, bata mzinga inawaua, nami siwezi kuijaribu kwa tausi.

Ukifika mwezi wa tatu shusha protini pole pole hadi chakula cha kuku wanaokua, na uwazoeshe mtama, mahindi yaliyoparazwa na majani. Mkate na wali wa jana ni vya kutupia mara moja moja. Mkubwa anaupenda wali mno, lakini mafuta yakimjaa jike hatagi.

Kumzoesha mkono

Usimkimbize, usimkamate kwa juu. Kitu kinachotoka angani kwake ni mwewe. Kaa chini kando ya boksi, mkono sakafuni, kiganja wazi, funza katikati, na utulie. Wiki ya kwanza wataogopa dakika moja, kisha wote watakuwa kwenye kiganja. Chagua sauti moja tu ya kuwaitia na usiibadilishe miaka yote. Mimi hutikisa kopo la maziwa lenye mtama, na mpaka leo nikilitikisa wanashuka kutoka kwenye mwembe hata wakiwa wameshiba.

Ukilazimika kumshika, bana mbawa zake mwilini kwa mikono miwili. Miguu usiishike kamwe. Ni mirefu na inavunjika kama kijiti cha mbaazi. Watoto wa nyumbani waruhusu wakae nao wakiwa wameketi, na wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kinyesi cha ndege hubeba vijidudu vya kuharisha.

Vikao vya dakika kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku, vinatosha. Muda uliobaki waachie wenyewe kwa wenyewe. Majike hata ukiwadekeza vipi hayana madhara. Dume ndiye wa kuangalia: akifika miezi mitatu na kuanza kukudonoa viatu, usimchekee na usimpige, simama tu umsogelee mpaka apishe njia, kila mara. Dume asiyemwogopa mtu kabisa, akifika mwaka wa pili au wa tatu atakuona wewe ni dume mwenzake, na ana miiba miguuni.

Magonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza watatu kwa wiki moja.

Walikuwa na wiki saba, wazima, wameanza kuota kishungi. Nikaona boksi limekuwa dogo, nikawahamishia kwenye banda la zamani la kuku. Nililifagia, nikamwaga chokaa, nikajisifu. Baada ya siku kumi na kitu mmoja akasimama pembeni, mbawa zimening'inia, macho nusu. Kinyesi chake kilikuwa cha njano, njano ya salfa, huwezi kukikosea. Bwana mifugo alipompasua aliyekufa alinionyesha ini lenye madoa ya mviringo kama shabaha.

Ugonjwa huo wengi huuita kichwa cheusi, ingawa kichwa mara nyingi hakibadiliki rangi. Kimelea chake husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya utumbo wa kuku. Kuku anao na hajali, wakati bata mzinga na tausi wanakufa. Mayai ya minyoo hiyo hukaa ardhini miaka, na nyungunyungu nao huyabeba, kwa hiyo kufagia na chokaa ni kujifurahisha. Kinga ni hii: vifaranga wa tausi wasikanyage udongo ambao kuku wamewahi kuishi, mpaka wawe wakubwa. Waweke kwenye sakafu ya saruji au ya wavu iliyoinuliwa, kiatu cha banda la kuku kisiingie kwao, na wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba atakayokupangia bwana mifugo. Ndiyo maana pia nikitumia kuku kuatamia, vifaranga nawachukua siku ileile wanapokauka, kabla hajawapeleka jalalani.

Kuhara damu huja zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita, wakati wa mvua, maranda yakilowa. Amprolium kwenye maji husaidia ukiwahi. Kideri (Newcastle) hukingwa kwa chanjo ya tone la jicho, ile ya kuku. Mpe bwana mifugo umri wao akupangie, na rudia kila miezi mitatu kama unavyowarudia kuku wako. Ndui huletwa na mbu. Chandarua kuukuu juu ya boksi kimenisaidia kuliko dawa yoyote. Na ukiona kifaranga ananyoosha shingo na kupiga miayo bila sauti, usidhani ana usingizi, ana minyoo ya koo; wahi duka la mifugo siku hiyohiyo.

Baridi na unyevu ndivyo vinavyofungulia magonjwa yote hayo mlango. Kifaranga wa tausi aliyelowa mvua chini ya wiki nane ni wa kukimbizwa chini ya taa kabla hujavua koti lako.

Kutoka sebuleni

Kufika wiki ya sita nyumba itakuomba radhi. Vumbi la manyoya litakuwa kwenye chai. Wahamishie kwenye banda la wavu, juu na pembeni, lenye kivuli na sehemu kavu. Liwe refu, fito la kulalia lifike usawa wa kichwa chako, pana kama ubao wa nchi mbili ili walale wamekalia vidole. Kunguru, nguchiro, kenge na paka wa mtaani wote wanapapenda hapo, kwa hiyo tundu la wavu lisipitishe kidole gumba, na chini uzike wavu futi moja.

Dume na jike utaanza kuwatofautisha vizuri shingo zikibadilika, miezi mitano au sita hivi: ya dume inaingia bluu, ya jike kijani. Yale manyoya marefu usiyasubiri haraka. Mwaka wa pili ni mafupi, mwaka wa tatu ndiyo yanakamilika, na kila mwaka baada ya msimu wa kupandana yanadondoka yote. Tunayaita mkia, lakini ni manyoya ya mgongoni. Mkia wenyewe ni mfupi, uko nyuma umeyashikilia kama nguzo. Yakidondoka yaokote. Usiyang'oe kamwe kwa ndege aliye hai.

Siku ya kuwafungulia

Wasitoke bandani kabla ya miezi sita, na kama umehamia nyumba mpya au umewanunua wakubwa, wafungie humo wiki sita hadi nane wakitazama uwanja. Tausi anashika mahali, si mtu. Hata yule dume wangu anayeniona mimi ndiye mkewe, ningehama kesho angebaki na mwembe.

Siku yenyewe wanyime chakula cha mchana. Saa kumi jioni fungua mlango umtoe mmoja tu, jike, wengine wabaki ndani wakimwita. Atazunguka banda, hatakwenda mbali. Baada ya saa moja tikisa kopo, arudi, funga. Siku ya pili mtoe mwingine. Wiki nzima hivyo, ndipo uwatoe wawili, kisha wote, na kila jioni chakula kiwe ndani ya banda.

Magari yafunikeni. Msimu ukianza dume huona dume mwenzake kwenye mlango wa gari linalong'aa na kumpiga mateke, na gari hilo mara nyingi ni la mgeni. Madirisha ya chini nayo nilipaka chokaa kwa ndani.

Na kuna jioni mmoja ataruka, atatua juu ya bati la jirani na kukataa kushuka. Usimrushie mawe, usipande. Giza likiingia hatasogea, atalala hapohapo. Mwombe jirani radhi, ulale, na saa kumi na mbili alfajiri simama uani na kopo lako.